Banda Langu Lisilo na Msumari

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, kwa sababu hapa mtaani kwetu Kitengela hii stori imezunguka mpaka imefika kwa mama wa mboga na kurudi ikiwa imeongezwa: ni kweli, ni mimi Mutinda, fundi wa mashine za fotokopi, niliyejenga banda la mbuzi likahimili mbuzi saa moja na kitu kidogo, halafu likaanguka mbele ya baba mkwe, pasta na kikundi chetu kizima cha maombi. Na walioliangusha ni mbuzi wenyewe, tena bila fujo, polepole tu, wakifurahia. Aibu niliyopata siku hiyo sijawahi kuipata tena, na hapo nahesabu hata ile siku nilijifungia ndani ya stoo ya makaratasi ya shule moja Kajiado mjini nikaokolewa na mwalimu mkuu.

Mambo yalianza hivi. Mke wangu, Nashipae, ni wa Bissil, na huko kwao alikuwa na mbuzi wake kumi, wake kabisa, wa kupewa na kuzaana tangu akiwa msichana, na miaka yote sita ya ndoa yetu wamekuwa wakilala kwa baba yake. Sasa tulipopata ile ploti yetu nyuma ya Kitengela (udongo mweusi ule wa kunyonya kiatu wakati wa mvua), kitu cha kwanza alichosema si nyumba, si stima, alisema, "Sasa mbuzi wangu watakuja." Alisema kila siku. Asubuhi akipika chai anasema, jioni akitoka kazini kwa zahanati anasema, na mimi nilijua hapa si mambo ya maziwa wala nyama, huyu mtu anataka kuamka asikie sauti za kwao.

Shida ilikuwa baba yake, Mzee Parmuat. Huyu mzee hajawahi kunikosea heshima hata siku moja, lakini pia hajawahi kuniita jina. Akiniongelea anasema "huyo wa Nashipae," na akiniongelesha anaanza tu kuongea, unajijua ni wewe. Alipoulizwa kuhusu mbuzi alijibu kwa simu, na simu ilikuwa kwa spika, nikasikia kila kitu.

"Mbuzi wa hapa hawalali kwa karatasi za fotokopi," akasema. "Huyo wa Nashipae ajenge nyumba ya mbuzi. Nitakuja nazo kwa gari, niangalie. Ikiwa nzuri zinabaki. Ikiwa mbaya narudi nazo hiyo siku, na msiniulize tena."

Hapo ndipo ningenyamaza, niite fundi wa kawaida, tununue misumari kilo tatu, tumalize kwa siku mbili. Lakini siku hizo nilikuwa nimeona vidio kwa simu, watu wa nchi za mbali wanajenga nyumba nzima bila msumari, mbao inaingia kwa mbao kama vidole vya mikono miwili, na nikakumbuka babu yangu wa Mwala alikuwa akijenga ghala za mahindi hivyo hivyo, kwa patasi na nyundo ya mti. Nikachukua simu kutoka kwa mkono wa Nashipae (yeye mwenyewe alishtuka) nikasema, "Baba, nitakujengea kitu hujaona. Sitatumia hata msumari mmoja."

Mzee akakohoa huko Bissil. Halafu akasema, "Hata mmoja," na akakata simu. Mimi nilichukua hiyo kama pongezi.

Nilijenga Jumamosi tano. Na nisijidharau sana, kwa sababu kazi yenyewe niliipenda, nadhani sijawahi kupenda kazi hivyo. Mbao ya saiprasi unaichonga mwisho wake unakuwa ulimi, posti unaitoboa tundu la kipimo hichohicho, unaingiza ulimi ndani ya tundu, halafu unatoboa mashimo mawili ya pembeni yanayopita ulimi na posti, kila moja unaliziba na pegi, kijiti cha mti mgumu, na hapo hata ukivuta na trekta haitoki. Babu alikuwa akisema ulimi ukiingia kwa kusukuma na kiganja tu umelegea, ukikataa kabisa umezidi, unataka ule wa kuingia huku ukilalamika. Ndimi zangu ziliingia zikilalamika. Mikono ilitoka malengelenge mpaka kazini nikawa nafungua mashine kwa ncha za vidole. Posti sikuzichimbia chini kwa sababu ya mchwa, nilizisimamisha juu ya mawe, na mabati nikayafunga na waya, maana kiapo ni kiapo. Jirani yetu Baba Mwende alikuwa akija kusimama kwenye ua na kikombe chake cha chai, anaangalia, anauliza, "Na msumari je?" Namwambia hakuna. Anakunywa chai. Jumamosi inayofuata anauliza tena.

Sasa kosa lenyewe. Mchwa wa Kitengela mnawajua, wanakula mpaka fremu ya picha. Babu alikuwa akiloweka pegi kwa maji ya chumvi ili mchwa wasizipende, hiyo naikumbuka vizuri sana, nikiwa mdogo nilimsaidia kukoroga. Lakini chumvi ya dukani kwa pegi arobaini na nane ni nyingi, na ikatokea wiki hiyo nikatumwa kutengeneza mashine ya shule moja huko mbele ya Oltepesi, na kando ya barabara wanauza magadi, nyeupe, ya mabonge, nusu gunia. Nikasema, chumvi ni chumvi. Nikajaza ndoo ile kubwa ya bluu, nikaloweka pegi siku tatu, na maji yaliyobaki nikayapaka na brashi kwa posti na mbao zote za ndani, mara mbili, sikutaka kubakisha. Nashipae alipoona ndoo aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni dawa ya mbao. (Mnaelewa sasa. Mimi nimekulia kwenye nyumba za kampuni ya simiti huko Athi River, mbuzi nilikuwa namjua akishafika kwa sahani. Ningemwambia mke wangu neno hilo moja tu, magadi, angenizuia papo hapo. Lakini nilitaka iwe siri ya ukoo.)

Na kosa la pili, dogo, la majivuno tu: pegi sikuzikata vichwa. Niliziacha zimetokeza kwa ndani urefu wa kidole, ili wageni wakiingia waone kwa macho yao kwamba hakuna msumari. Nikazipiga zikiwa bado na maji, zimevimba, zimebana sawasawa, nikajipongeza. Halafu likapiga jua la wiki nzima, lile jua letu la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika, na pegi nazo zikasinyaa bila mimi kujua.

Siku ikafika, Jumamosi, saa tano hivi za asubuhi. Nashipae alikuwa amealika kikundi cha maombi, watu kama ishirini, na pasta wa kubariki, kwa sababu kwake hii ilikuwa sherehe kabisa, alikuwa amevaa shanga alizovaa siku ya harusi. Pikapu ikaingia, mbuzi kumi nyuma pamoja na mmoja wa mzee wa kuwaongoza, Mzee Parmuat mbele na kofia yake na rungu. Tukasalimiana, akapokea salamu za watoto kwa kuwagusa vichwa, akakataa chai. "Kwanza nyumba," akasema.

Akazunguka banda mara mbili. Akapiga posti na rungu, ko, ko, akasikiliza. Akaingia ndani akaangalia viungo, na mimi nikamfuata nikieleza, nikavuta hata pegi moja kwa mkono ikatoka, nikamwonyesha, nikairudisha (ilitoka rahisi kuliko nilivyotarajia, na mtu mwenye akili hapo angejiuliza). Watu wa maombi wakasema, "Ai, fundi." Mzee akapitisha kidole kwa posti, akakitazama, kulikuwa na unga mweupe kidogo.

"Hapa umepaka nini?" akauliza.

Na mimi, na watu ishirini wananisikiliza, nikacheka kidogo, nikasema, "Baba, hiyo ni siri ya babu yangu."

Akanitazama kidogo, akafuta kidole kwa shuka, akatoka nje. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Ni nyumba." Neno hilo tu, lakini Nashipae alinishika mkono. Nikajiona mtu mkubwa sana.

Mbuzi wakashushwa, wakaingizwa ndani, mlango ukafungwa, pasta akasimama mbele akaanza kuomba. Yalikuwa maombi marefu, ya kuanzia uumbaji. Mimi nilifunga macho kidogo tu, kwa sababu nilitaka kuwaona mbuzi wakifurahia, na kweli walikuwa wanafurahia. Walinusa posti. Mmoja akalamba. Halafu wote kumi na mmoja wakawa wanalamba, wamejipanga ukutani kama watu kwa bomba la maji, wengine wamesimama kwa miguu ya nyuma wanafikia zile pegi za juu, hakuna anayelia, hakuna anayesukumana. Mama Mwende akafungua jicho moja akaninong'oneza, "Wameipenda nyumba." Nikamwambia ni mbao nzuri.

Yule wa baba mkwe alikuwa mbuzi mzee, mweupe, pembe moja imepinda. Huyo hakulamba tu. Alishika kichwa cha pegi na midomo akawa anakivuta, anapumzika, anavuta, na nikaona kwa macho yangu pegi ikitoka shimoni yote, ikaanguka chini, na yeye akaiokota akaanza kuitafuna kama muwa. Nikasema moyoni, ni moja tu, ziko arobaini na saba. Halafu nikasikia nyingine ikidondoka, to, na nyingine, na pasta wakati huo alikuwa amefika kwa safina ya Nuhu.

Boriti ya nyuma ndiyo ilianza. Ulimi ukatoka tunduni nusu, banda likainama upande wa Baba Mwende, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikaruka mlango nikaingia, nikakumbatia ile posti ya kona kwa mikono miwili na kuisukuma na bega, na hapo mbuzi wakagundua kwamba hata mimi nina magadi, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimepapasa kuta zote nikizikagua, na jasho juu yake. Wakaja. Wakanilamba mikono, wakanilamba shingo, mmoja akapanda juu ya mgongo wangu akanilamba sikio, na mimi siwezi kuachilia, na siwezi kupiga kelele kwa sababu watu wanaomba.

"Nashi," nikaita kwa sauti ndogo. "Nashi, toa mbuzi."

Akafungua macho. Mke wangu si mtu wa kuuliza maswali wakati wa hatari, alifungua mlango, akawaita kwa Kimaasai vile huwaita, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwake mbuzi wake walikataa kumsikia. Ilibidi waburutwe mmoja mmoja kwa miguu na pembe, yeye na dereva wa pikapu na Baba Mwende aliyeweka kikombe chini. Pasta aliposema amina, na watu wakafungua macho, kile walichoona ni mimi nimekumbatia posti, nimelowa mate mpaka kifuani, na yule mweupe wa pembe iliyopinda ndiye wa mwisho kutolewa.

"Wote wametoka," akasema Mzee Parmuat kutoka nje, bila haraka. "Sasa toka wewe."

Nikatoka. Nyumba ikasubiri kama pumzi mbili hivi, halafu ikalala. Haikuvunjika, ilijikunja tu, mabati yakateleza juu yake moja baada ya jingine na zile kelele zake, na vumbi likapanda mpaka kwa ua.

Na mimi, Mungu anisamehe, na pasta amesimama hapo hapo, nikasema, "Ni upepo. Hii Kitengela iko na upepo mbaya."

Kwenye kamba ya nguo ya Mama Mwende kulikuwa na shuka limeanikwa, na halikutikisika hata kidogo. Watu wote waliliangalia.

Mzee akainama akaokota pegi iliyotafunwa nusu. Akainusa. Halafu, mbele ya mkutano wote, akailamba, polepole, kama anaonja mchuzi, akampa binti yake. Nashipae akailamba pia. Akanigeukia.

"Ile ndoo ya bluu," akasema.

"Magadi," akasema baba yake.

Kicheko kilichotoka hapo sijui niwaelezeje. Watu wa Kajiado wote wanajua, hata mtoto wa nasari anajua, kwamba mbuzi wa Bissil unampeleka mwendo wa siku nzima kumtafutia chumvi ya magadi, na mimi nimempakia kuta zote mara mbili na kumwekea vishikizo vya kutafuna. Mama mmoja wa maombi aliketi chini kabisa. Pasta alijifanya anakohoa.

Wawili tu hawakucheka. Mzee aliangalia lile rundo, akamwambia dereva, "Warudishe kwa gari." Na mke wangu akashusha macho, akaanza kuvua shanga za shingoni, moja moja, anazikunja kwa kiganja. Hilo ndilo lililoniuma. Kuanguka kwa mbao ningeweza kuvumilia, hata mate ya mbuzi, lakini si kumwona anavua zile shanga.

Nikaenda mbele ya mzee, na mate yangu hivyo hivyo, nikasema, "Baba, si upepo. Ni mimi. Asubuhi uliniuliza nimepaka nini nikakujibu kwa kiburi. Sikujua magadi ni kitu gani kwa mbuzi, na sikutaka watu wajue sijui."

Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

Kwa gari kulikuwa na kazi. Dereva na Baba Mwende walikuwa wamepakia wanne, na wakienda kumshika wa tano, wale wanne wanaruka chini na kukimbia moja kwa moja kwa rundo la mbao zangu, wanapiga magoti hapo, wanalamba. Wakapakiwa tena. Wakaruka tena. Mara ya tatu dereva alifunga mlango wa nyuma na kamba, yule mweupe akapita juu, mzee vile alivyo, akaanguka vibaya, akainuka, akarudi kwa posti yake ya kona. Dereva akaketi kwa bampa akasema yeye amechoka.

Basi Mzee Parmuat akaja akaketi juu ya boriti, katikati ya mbuzi, na nikaona mabega yanaanza kutingika. Alicheka bila sauti mpaka kofia ikaanguka. Alipomaliza alijipangusa macho na shuka.

"Miaka yote nawazungusha nikiwatafutia chumvi," akasema. "Huyu amewajengea nyumba ya chumvi. Sasa wanirudie mimi kwa nini?" Halafu akainua mwisho wa boriti, akapapasa ule ulimi na dole gumba, pande zote. "Hapa hakujavunjika. Ni wewe ulichonga?"

"Ni mimi, Baba."

"Umechonga vizuri. Hizo pegi ndizo takataka." Akageukia watu. "Nani ana misumari?"

Baba Mwende alikuwa ameshavuka ua kabla swali halijaisha, akarudi na mkebe mzima, na uso wa mtu aliyesubiri siku hiyo kwa wiki tano. Mzee akapiga wa kwanza mwenyewe. Tukaosha mbao kwa maji mengi, wanaume wakainua, mapasta nao wakishika wanashika vizuri kuliko tunavyodhani, na kufikia saa kumi banda lilikuwa limesimama tena, ndimi zangu ndani ya matundu yake na msumari mmoja kila kiungo, ishirini na nne kwa jumla. Nashipae alikuwa amezivaa tena shanga zake na anagawa chai, na akinipita ananipa kikombe anaanza kucheka upya, anamwaga.

Mzee alipokuwa anaondoka alimshika yule mweupe wa pembe iliyopinda, akamvuta mpaka kwangu. "Hawa kumi ni wa huyu," akasema, akionyesha binti yake. "Huyu wangu, aliyeng'oa ya kwanza, ni wako. Nimekupa." Akaingia kwa gari, akatoa kichwa dirishani, akasema, "Haya, Pakine."

Nikageuka nione anaongea na nani. Nashipae alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yamejaa. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kwao mtu akikupa mbuzi, ya kumaanisha, mnaitana hivyo ninyi wawili, yeye anakuita na wewe unamwita, mpaka mmoja wenu afe, na kwamba nisisimame tu hapo, nijibu.

Nikajibu, "Pakine," na sauti ikakatika katikati, na kama kuna mtu wa maombi amewaambia nililia, mwambieni ilikuwa vumbi. Mimi nimeapa, na safari hii kiapo changu ni cha maana: mbao yoyote nitakayojenga nayo tena maishani, naipeleka kwanza kwa yule mweupe, na akitoa ulimi tu, naitupa.